Jumamosi Niliyoizua

Safari yenyewe ilikuwa ya siku nne tu. Kuipanga kulituchukua miaka mitatu, na aliyechoka kuliko wote ni mimi, ingawa hata kuendesha baiskeli nilikuwa sijui, na sijui mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita vikuu vya pili. Mfaransa bado ndiye aliyekuwa mwenye nchi, nasi tulikuwa tukikaa Mahajanga, pwani ya Wamalagasi, mtaa wa Mangarivotra, katika nyumba ya mabati ya mama yangu. Nasema ya mama yangu kwa sababu kwetu sisi, watu wa asili ya Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na sanduku lake, akapewa kitanda na heshima zake zote, lakini mwenye neno ni mama mkwe. Mume wangu aliishi pale miaka kumi na minne kwa adabu ya mgeni, na siku alizotaka kupigilia msumari ukutani aliomba ruhusa.

Alikuwa karani wa mizani katika ghala la nyuzi za rafia bandarini, mtu mrefu, mpole, mzaliwa wa Nosy Be. Alilelewa huko na shangazi yake, upande wa magharibi wa kisiwa, mahali ambapo ukisimama ufukweni unaiona Nosy Sakatia ng'ambo. Shangazi huyo alikuwa amezeeka, miguu imekufa ganzi, chomboni hapandi tena, na watoto wetu watatu alikuwa akiwasikia kwa salamu tu. Jioni moja mume wangu akasema tutampelekea watoto, na tutawapeleka kwa baiskeli. Tungepanda meli ya pwani pamoja na baiskeli zetu hadi bandari ya Nosy Be, kisha tuzunguke kisiwa polepole kwa siku nne, tukilala kwa ndugu zake njiani. Alitaka watoto wapite mashamba ya langilangi asubuhi, wakati maua yanachumwa na barabara nzima inanukia. Motokaa hatukuwa nayo, na malori ya kiwanda cha sukari hayakuwa yakipakia watu na watoto wao. Basi baiskeli.

Nilimsikiliza huku nikiosha mchele. Nikajisemea moyoni, huyu bwana anazungumza habari za maua, na mimi naona mabeseni.

Watu husema mipango si matumizi. Mimi naongeza kwamba mipango ya mwanamume ni barabara, na mipango ya mwanamke ni vingine vyote. Yeye alijua wapi pana kilima na wapi pana daraja la magogo. Mimi nilitakiwa kujua nguo za watoto, kwinini, chandarua cha watu watano, zawadi za shangazi, nani atawapa kuku chakula, na nani atawapikia wateja wangu vitumbua. Nilikuwa mpishi wa vitumbua vya mchele na nazi, ambavyo pale Mahajanga huitwa mokary. Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri kila siku ya Mungu, kwa sababu wapagazi wa bandarini hula kabla ya jua, na asiyekuwapo na lake halipo. Tangu nizae mtoto wa kwanza sikumbuki asubuhi niliyoamka kwa kushiba usingizi.

Lakini nimtaje huyo mtoto wa kwanza, maana safari ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja jambo hili lilipoanza. Baba yake alimnunulia baiskeli ya kike kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kifaransa aliyekuwa anarudi kwao, baiskeli ya kijani isiyo na bomba la juu. Aliijua kwa wiki moja. Alijua kuziba pancha, kukaza spoki na kurudisha mnyororo uliotoka bila kuchafua gauni. Mtaani walimtania kwamba ataolewa na fundi.

Mama yangu aliiruhusu ile baiskeli kwa sharti moja alilolisema mbele yetu sote: mpaka siku yake. Kwetu msichana akivunja ungo huwa mwari, na mwari huwekwa ndani. Hatoki tena mchana, haendi sokoni, hachezi nje, mpaka aolewe. Akitoka ni magharibi, amejifunika, katikati ya wanawake wa nyumba. Mimi nilikaa ndani miaka mitano, na mama yangu kabla yangu alikaa minane. Hakuna aliyeona kwamba tunaonewa, ndivyo ilivyokuwa. Ila baiskeli na mwari havikai pamoja, na mtoto alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa na safari moja ya kwenda, na siku ya mwisho ambayo haikuandikwa mahali popote.

Tena bila yeye baiskeli ya pili haikuwa na mwendeshaji. Mpango ulikuwa hivi: baba yao angeendesha ya kwake, mimi kwenye keria nyuma yake, na mtoto wetu mdogo kwenye bomba la mbele. Msichana angemchukua mdogo wake wa kiume wa katikati kwenye keria yake, pamoja na nusu ya mizigo. Nilishona mifuko minne ya magunia ya kuning'inia pande mbili za keria, kama shogi za punda. Mama yangu akaitazama akauliza kama tunahama au tunakwenda kuuza chumvi. Maneno haya yote, nieleze mapema, tuliyasema kwa lugha ya nyumbani, Kingazija kilichochanganyika na Kimalagasi cha pale pwani. Kiswahili hiki ninachoandikia nimekizoea uzeeni, kwa mwanangu Unguja.

Mwaka wa kwanza tulikwenda kujaribu mzigo. Jumapili moja tukaenda Amborovy, pwani iliyo nje ya mji, watu watano na baiskeli mbili na mifuko iliyojazwa mchanga badala ya nguo. Nilikaa kwenye keria upande upande, leso mbili mwilini, mkono mmoja umeshika tandiko la mume wangu na mwingine umeshika utu wangu. Kwenye mchanga gurudumu likazama, nikaenda chini kwa makalio mbele ya wavuvi wa kamba. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Binti yetu hakucheka. Alisimamisha baiskeli yake, akaja kunipangusa mchanga, akasema, "Mama, ukikaa mbele kidogo karibu na baba hutaanguka. Nimeona kosa." Akaniweka sawa, akakaza fundo la leso yangu, tukaendelea. Jioni hiyo viungo vyote viliniuma, na kesho yake vitumbua vikanisubiri.

Meneja wa ghala, Mfaransa, alitoa likizo wiki moja tu kwa mwaka, ile ya sikukuu yao ya Julai, wakati ghala linafungwa. Mwaka ule Julai nzima ilikuwa Ramadhani.

"Msafiri ameruhusiwa kufungua," mume wangu akasema, ameinamisha kichwa kama alivyozoea mbele ya mama yangu.

"Msafiri mwenye haja," mama akamjibu. "Wewe, baba, unakwenda kuchezea baiskeli."

Akanitazama mimi. Na mimi, niseme kweli, niliona raha. Niliona wiki nzima bila kufunga mizigo. Nikasema mama yuko sawa, Ramadhani si mwezi wa kuzurura, subira huvuta heri. Binti yetu alileta daftari lake la shule. Alikuwa amechora kisiwa, na barabara kwa wino mwekundu, na vituo vya kulala. Alifungua ukurasa mwingine akaanza kuhesabu. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, akasema, kwa hiyo mwakani Idi itakuwa karibu sana na sikukuu ya Wafaransa, na mwaka wa tatu likizo ya baba itakuwa wazi kabisa. Alilisema kwa sauti ya karani, bila kulalamika. Mama yangu akamwambia akili hizo zingemfaa mvulana.

Mwaka wa pili mume wangu alimwomba meneja amsogezee likizo siku chache, ili tuondoke baada ya Idi. Sijui alimwambia nini, maana hakuwa mtu wa kuomba, lakini alirudi nyumbani na ruhusa, na usiku huo alikula kama kijana. Wakala wa meli akatuambia kuna meli ya Nosy Be siku ya Jumamosi. Ndipo tukakaa barazani kupatana siku, maana kwetu siku haichukuliwi tu kama kikombe rafuni.

Mama yake mume wangu alikuwa Msakalava, Mmalagasi wa pwani ile, na kwao Jumanne ni fady, yaani mwiko. Hawaanzi jambo, hawashiki jembe, hawaanzi safari. Mama yangu hakukubali Jumatano, kwa sababu mwalimu aliyetazama nyota ya mjukuu wake wa kwanza alikuwa ameikataza. Kijijini kwa shangazi Alhamisi ilikuwa fady ya kupokea mgeni mwenye mzigo. Ijumaa haisafiriwi kabla ya sala. Mume wangu aliziondoa siku moja moja kwa vidole, mpaka mkononi mwake zikabaki Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Akacheka, akasema, "Alhamdulillahi, meli ni Jumamosi. Tumepona."

Hapo ndipo nilipofanya lile nililolifanya.

Nataka mnielewe, ingawa sitaki kutetewa. Nilikuwa nimetoka kwenye Ramadhani, siku thelathini za kupika futari ya watu sita na wageni, kisha siku tatu za Idi, kisha vitumbua vya oda za harusi mbili. Miguu yangu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Nilikuwa nimeshafua nguo za safari zikanyeshewa, nikafua tena. Nilipomsikia anasema tumepona, niliona meli, watoto wanatapika, nyumba za watu, kuamka kabla ya wenyeji na kuwasaidia jikoni kwa sababu ndiyo adabu, kutabasamu, kushukuru, kupanda keria, kushuka keria. Nilitaka kulala. Nilitaka kulala kwangu, mlango umefungwa, na watu wote wameniacha.

Nikasema, "Jumamosi mimi siwezi."

Wakanigeukia.

"Upande wa baba yangu," nikasema, "hatuvuki maji Jumamosi. Ni fady yetu. Marehemu aliniusia."

Haikuwapo fady hiyo. Niliizua palepale, na ulimi haukuteleza hata kidogo. Niliichagua kwa ujanja, maana baba yangu alikuwa amekufa tangu nikiwa mwari, ndugu zake wako Ngazija, na mama yangu hakuwa na njia ya kunikanusha. Alinitazama muda. "Sikupata kuisikia," akasema. Kisha akasema, "Lakini baba yako hakuwa msemaji." Basi, ikapita. Fady haibishaniwi. Mtu akisema ni fady yake, hata mfalme humpisha njia. Uongo mwingine mtu aweza kuufuta kesho kwa kicheko, lakini mwiko ukishatamkwa hukaa, na wa kwangu ulikaa vizuri sana. Mama yangu aliusimulia kwa majirani. Wanangu wameulea. Ninao wajukuu leo hii ambao hawapandi chombo Jumamosi, na hawajui kwamba wanaheshimu miguu yangu iliyovimba.

Binti yangu akauliza, "Na Jumatatu?"

Meli ya Jumatatu haikuwapo, wala ya Jumapili. Meli nyingine ingekuja likizo imekwisha. Mume wangu akainuka, akaenda kuzitoa hewa tairi, maana baiskeli ikikaa sana na upepo mpira hupasuka. Mtoto alichukua daftari lake akafungua ukurasa mpya. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Juu ya ukurasa aliandika mwaka ujao kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari kwa rula. Mimi nikaenda ndani nikalala tangu alasiri mpaka asubuhi, na usingizini sikuota chochote.

Mwaka uliofuata haukuwa na raha. Mtoto alirefuka. Mume wangu alipandisha tandiko la ile baiskeli ya kijani mara mbili, na mara ya pili niliona anakaza ile nati kisha anapima kwa kidole urefu uliobaki. Mama yangu akawa anamtazama mjukuu wake akipita, akasema, "Hii miguu iko karibu kufika." Kwake hilo lilikuwa jambo la furaha. Alikuwa ameshaweka kitambaa cha hariri na kikopo cha udi ndani ya kasha lake, akingojea siku ya kupiga vigelegele. Mimi nikawa naamka usiku kuhesabu miezi. Nilimsukuma mume wangu aombe likizo mapema, akaenda, akarudi amekataliwa. Nilifikiri kuungama. Lakini kuungama kungeleta nini? Kusingeleta meli. Kungeniletea aibu tu, na aibu nayo inataka nguvu.

Tukafika. Ramadhani ya mwaka wa tatu ilikwisha mwanzoni mwa Julai, kama daftari lilivyosema, na likizo ya baba ikawa wazi. Meli ilikuwa Jumapili jioni. Nasikia mpaka leo namna nyumba ilivyokuwa ikilia wiki ile kwa pampu na nyundo. Binti yangu alizifungua baiskeli zote mbili, akaosha mnyororo kwa mafuta ya taa, akabadilisha mpira wa breki, akamfundisha mdogo wake jinsi ya kukaa kwenye keria bila kuyumba, miguu mbali na spoki. Alinionyesha kipande cha njia baada ya kiwanda cha sukari, ambapo kuna kilima kirefu. "Hapa wewe na baba mtashuka mtembee," akaniambia. "Mimi sishuki. Nitakipanda chote, nimejizoeza pale mlimani kwa mnara wa taa, na mtoto nyuma." Alisema hivyo akicheka, jino la pembeni linaonekana. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo kitambo.

Ijumaa asubuhi, nikimimina chuma cha mwisho cha vitumbua, alikuja jikoni akafunga mlango nyuma yake. Mlango wa jikoni kwetu haukuwa ukifungwa. Alikuwa amesimama mikono nyuma, uso umepauka, na kabla hajasema nilikuwa nimeshajua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba damu imeanza jana usiku.

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kusema nyamaza. Ilikuwa Ijumaa, meli Jumapili, wanawake wanajua kuficha mambo makubwa kuliko hilo kwa siku kumi. Mama yangu macho yalikuwa yameanza ukungu. Ningempa vitambaa, nikampa maji ya moto na tangawizi, tukaondoka, na tukirudi ningesema imeanza njiani. Hayo yote niliyaona, lazima niseme niliyaona. Lakini nyuma ya bega lake niliona pia ile mifuko minne ya magunia imejaa, na mwili wangu wote ukaniambia kwamba hapa kuna mlango. Nikapaza sauti nikaita, "Mama! Mama, njoo!"

Binti yangu alishtuka. Akaniambia haraka, kabla sijamaliza kuita, "Nilikuja kuomba kitambaa tu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yangu aliingia na fimbo yake, akaelewa, akaitupa fimbo akapiga kigelegele ambacho sikujua kwamba bado anacho kifuani. Majirani wakajibu. Kabla ya sala ya Ijumaa mtoto alikuwa ameshaogeshwa, amepakwa usoni msindano, ule unga wa liwa, amefukizwa udi, amevishwa hariri, ameketishwa chumba cha ndani juu ya mkeka mpya. Wanawake waliingia wakitoka wakiimba. Kwa haki yake ilikuwa siku nzuri, na mama yangu alistahili furaha ile.

Mume wangu alirudi kutoka msikitini akasimama uani kati ya zile baiskeli mbili. Akavua kofia. "Mama," akamwambia mama yangu, "tungekwenda wiki moja tu. Akirudi, awekwe ndani."

"Mwari hatoki akarudi, baba," mama akasema, si kwa ukali. "Ukishampitisha barabarani baada ya leo, nani atakuja kuposa?"

Akanitazama mimi, na mama yangu naye akanitazama. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Mimi ni binti pekee, nyumba ile ingekuwa yangu, na kwetu mama humsikiliza binti yake katika mambo ya binti yake. Neno moja lingetosha. Nikaokota pampu iliyokuwa imeanguka nikaiegemeza ukutani.

Jumapili jioni mume wangu aliondoka na wavulana wawili, mmoja kwenye bomba na mmoja kwenye keria, kwa baiskeli moja. Baiskeli ya kijani ilibaki uani. Nilibaki mimi kwa sababu mwari hakai bila mama yake, na kwa sababu nilitaka kubaki. Wateja wangu walikuwa wameshaambiwa kwamba sipiki wiki ile. Basi nikapata nilichokuwa nikikiomba miaka yote: mlango umefungwa, hakuna vitumbua, hakuna safari, hakuna mtoto wa kiume anayelia. Nililala. Nililala Jumatatu, na Jumanne nikalala tena, na kila nilipofumbua macho nilimwona binti yangu amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, ananitazama. Hakulia mbele yangu. Mara moja alisema, kana kwamba anaongea na ukuta, "Leo wanapanda kile kilima."

Jumatano sikuweza tena. Nilikaa chini mkekani karibu naye, nikamwambia. Nilimwambia yote: kwamba Jumamosi si fady ya mtu yeyote, kwamba baba yangu hakuusia lolote, kwamba mwaka ule tungekwenda na angeendesha, na kwamba Ijumaa ile jikoni nilimwita bibi yake nikijua ninachokifanya. Sikumwomba radhi vizuri. Nilisema tu, "Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nimechoka sana."

Mikono yake ilikuwa na hina mpya mpaka vifundoni, na chini ya kucha bado kulikuwa na weusi wa mafuta ya mnyororo ambao wanawake hawakuweza kuutoa.

"Ungeniambia," akasema. "Vitumbua najua kupika. Ningeamka mimi, wewe ukalala, tangu ule mwaka wa kwanza."

Halikuwa limepata kunipitia akilini, wallahi, kwamba mtoto aliyejua kuhesabu Ramadhani za miaka mitatu mbele angeweza pia kumimina unga katika chuma cha moto. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoona aliyekuwa amesimama karibu.

Mume wangu alirudi na wavulana, wamekuwa weusi kwa jua, wakipigana kusimulia. Shangazi aliwabariki, akamtumia mwari chupa ndogo ya langilangi, akalia kwamba hakumwona. Akafa kabla mvua za mwaka ule hazijaanza.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini nilisikia chuma kikigonga jikoni kabla ya adhana. Nikainuka kwenda, nikamkuta mwari mlangoni, kajifunga leso kifuani, unga mpaka viwikoni. Kupika ndani ya nyumba hakukatazwi. Akaniambia, "Kalale, mama." Hakusema kwa hasira, nami naapa hakusema kwa kunisuta. Alipika kila alfajiri kwa miaka minne, mpaka alipoolewa, na wapagazi walisema vyake ni laini kuliko vyangu. Nami kila alfajiri ya miaka hiyo nililala chali kitandani, macho wazi, nimepumzishwa, nikimsikiliza akifanya kazi.